Nimekata RCA za gramafoni nikaweka XLR, mvumo ndiyo kwanza umezidi. Nimekosea wapi?

#1 Kipande_cha_Reli

Wakuu, kwema?

Nina gramafoni ya Technics SL-1200MK2, niliinunua kwa DJ mmoja wa Sinza aliyekuwa anafunga kazi. Chuma bado kizima: sahani inashika mwendo, 33 na 45 zote ziko sawa, mkono haujalegea. Katriji (kile kichwa chenye sindano) nimeweka ya Audio-Technica, VM95E. Inaingia kwenye tundu la foni (la gramafoni, si la simu) nyuma ya amplifaya ya zamani ya Kijapani, kisha spika mbili za sebuleni. Santuri ninazo za marehemu mzee, nyingi za inchi 7, jazz bendi za miaka ya 70 na taarab kidogo.

Shida ilikuwa mvumo. Haukuwa mkubwa, ni ule wa chini unaousikia kati ya wimbo na wimbo. Nikigusa mkono wa gramafoni kwa kidole unapungua, nikitoa kidole unarudi. Nikazama mtandaoni wiki nzima, kila ninapopita naambiwa dawa ni kebo za balansi, studio zote wanatumia hizo. Jumamosi nikashuka Kariakoo, nikarudi na mita sita za kebo ya maikrofoni, plagi mbili za XLR (zile nene za pini tatu), na vile vipachiko vya kutoka XLR kwenda RCA, maana amplifaya yangu haina XLR. Nikafungua gramafoni chini, nikakata RCA za zamani (plagi za kawaida zenye msumari mmoja), nikachoma risasi kwa mkono wangu. Mita tatu kila upande, ili gramafoni ikae mbali na spika.

Nimewasha, ni kama bajaji imeegeshwa sebuleni bila kuzimwa. Mama watoto ametoka jikoni kuja kuangalia.

Nimekosea wapi? Au nimeuziwa kebo feki?

#2 Chai ya Rangi

Nafuatilia kwa karibu. Na yangu inavuma, ila nilidhani ndiyo utamu wenyewe wa santuri.

#3 Kamanda_wa_Sauti

Hizo kebo ni feki mkuu, usijisumbue. Mimi zangu niliagiza Dubai, laki nne jozi, kimya kama kaburini. Halafu fungua plagi ya umeme ya amplifaya, chomoa waya wa ethi. Mvumo mwingi unaishia hapo.

#4 Mshona Nyaya

Kamanda, hilo la ethi lifute kabla mtu hajalifuata. Siku transfoma ya ndani ikigusana na bodi ya amplifaya, waya ule ndio unaofanya fyuzi iruke badala ya mwenye nyumba. Mvumo unakera tu.

Mleta uzi, kebo zako hazina kosa. Umenunua waya, balansi hukuinunua, kwa sababu haiuzwi kwa mita.

Chomoa ganda la katriji pale mbele ya mkono ulitazame kwa nyuma. Kuna nyaya nne: nyekundu na kijani ni kulia, nyeupe na buluu ni kushoto. Kila upande ni koili moja yenye ncha mbili, na hakuna ncha iliyofungwa kwenye ethi. Zinaelea. Yaani katriji imezaliwa ikiwa na balansi, kabla hata hujafikiria kebo. RCA ndiyo inayoipokonya. Ina njia mbili tu, msumari wa katikati na ganda la nje, kwa hiyo ncha moja ya koili inalazimika kurudi kwa kupitia wavu uleule wa nje ya kebo unaozuia uchafu, yaani umeme wa mvumo. Mzigo na takataka vinapanda lori moja.

XLR ina pini tatu. Pini 1 ni wavu, pini 2 na 3 ni ncha mbili za koili. Uchafu wa njiani unazipata nyaya zote mbili kwa kiasi kilekile, na mlango wa balansi kazi yake ni kusoma tofauti kati ya 2 na 3 peke yake. Kilicho sawa kwenye zote mbili kinafutika. Sasa wewe mlango huo huna. Kipachiko chako kimefunga pini 3 na pini 1 pamoja ndani ya plagi. Umetembea na nyaya tatu mita tatu nzima, ukafika mlangoni ukazigeuza mbili.

Naomba majibu matatu. Kuna ule waya mwembamba wa ethi unaotoka gramafoni kwenda kwenye skrubu ya nyuma ya amplifaya? Mvumo uko sawa kushoto na kulia? Na ukiwa umewasha bila santuri, ukisogeza mkono taratibu kutoka nje kwenda katikati, unabadilika?

#5 Kipande_cha_Reli

Mkuu Mshona, ahsante sana, nimeelewa kuliko wiki nzima ya kusoma.

Waya wa ethi haukuwepo tangu nanunua. DJ aliniambia hii ya kwake "haihitaji". Wavu wa kebo zote mbili nimeufunga kwenye bodi ya gramafoni. Kulia kunavuma vibaya sana, kushoto kwa mbali. Hilo la kulia na kushoto sikuwa nimelitilia maanani mpaka ulivyouliza. Mkono ukisogea mvumo unabadilika kidogo mno.

Swali: jirani yangu ni mtu wa kwaya, ana mixa yenye matundu ya XLR ya maikrofoni. Si huo ndio mlango wa balansi? Nikiazima leo jioni nikachomeka humo?

#6 Bint Mrima

USICHOMEKE. Samahani kwa herufi kubwa, ila nimefanya kazi za sauti za harusi na mikutano miaka kumi na moja na nimeona vitu vinakufa hivi.

Mixa nyingi zina swichi ya volti 48 kwa ajili ya maikrofoni za kondensa. Swichi ile ikiwa juu, pini 2 na pini 3 zote zinapata volti 48 kupitia rezista za omu 6,800. Maikrofoni nzuri haisumbuki kwa sababu pande zote ziko sawa. Katriji inayoelea sawasawa nayo inaweza kupona. Lakini ukiwa na kosa dogo, mfano pini 3 imegusa pini 1 kama kwenye hivyo vipachiko vyako, karibu miliampea 7 zinapita kwenye koili iliyosukwa kwa waya mwembamba kuliko unywele, iliyotengenezwa kutoa milivolti 4. Na mixa nyingine hiyo swichi ni moja kwa matundu yote, mtu wa kwaya ameiacha juu tangu Pasaka.

Hata ikiwa imezimwa, hautapata muziki. Tundu la maikrofoni lina takriban kilo-omu 2, katriji yako inataka 47. Koili ya VM95E ina milihenri 550. Ukiibebesha omu 2,000, sauti za juu zinaanza kuporomoka kwenye hezi 700 hivi. Halafu mixa haina ile sakiti ya RIAA, kwa hiyo besi nayo haipo.

#7 Kipande_cha_Reli

Duh. Nilishaanza kuvaa viatu niende kwa jirani.

#8 Luthuli254

Sasa wadau. Niko Nairobi, santuri zangu nazitoa Kenyatta Market, na uzi huu umenipata mahali pazuri. RIAA ndiyo nini hasa na inahusianaje na huu mvumo? Huwa naiona imeandikwa tu.

#9 Mshona Nyaya

Luthuli, santuri haikatwi kama muziki ulivyo. Besi zikikatwa kwa ukubwa wake halisi, mfereji unapanuka mpaka unavamia wa jirani yake, santuri ingejaa kwa wimbo nusu. Kwa hiyo besi zinapunguzwa na sauti za juu zinaongezwa wakati wa kukata, halafu priampu ya foni, yaani kikuza cha kwanza kinachopokea katriji nyuma ya tundu la foni, inageuza wakati wa kupiga. Kipimo kinachotumika tangu 1954 ndicho hicho cha RIAA.

Sasa ona balaa. Ili kurudisha besi, priampu inaikuza sauti ya hezi 50 kwa takriban desibeli 17 zaidi ya ile ya hezi 1,000. Hiyo ni mara saba. Na hezi 50 ndiyo umeme wetu, wa Tanzania na wenu wa Kenya. Mvumo mdogo kama punje unaingia, unatoka ni gunia. Ndiyo maana CD kwenye amplifaya hiyohiyo haivumi na gramafoni inavuma.

Mleta uzi, hapo uliposema DJ alikwambia "haihitaji" ndipo pameniambia kila kitu. Ma-DJ walichoka na ule waya mwembamba unaokatika kila wakipakia vyombo kwenye gari. Wakawa wanafungua chini ya SL-1200 na kuweka daraja: kipande cha waya kutoka ethi ya chuma cha gramafoni kwenda kwenye ganda la RCA moja. Ukumbini inafanya kazi. Sasa naweka dau: daraja lako liko kulia, juu ya waya wa kijani.

Nyavu mbili ulizofunga kwenye chuma zinakutana tena nyuma ya amplifaya. Umechora duara la waya la mita tatu kando ya umeme wa nyumba, na duara la namna hiyo linaokota hezi 50 kama ungo. Mkondo unazunguka kwenye nyavu. Kushoto, waya wa buluu uko peke yake, haubebi mkondo huo. Kulia, daraja limeufunga waya wa kijani kwenye chuma kilekile, kwa hiyo sehemu ya mkondo inapita juu ya muziki wako.

Pima hivi. Chomoa umeme. Chomoa ganda la katriji uliweke mezani KABLA ya kupima, maana mita ya kupimia omu inapeleka mkondo wake na hatutaki upite kwenye koili. Chomoa vipachiko vyote. Kisha mita iweke kwenye mlio (inalia ncha zikiwa na njia kati yake), ncha moja kwenye chuma cha mkono, nyingine pini 3 ya kulia. Inatakiwa kimya. Rudia kushoto.

#10 Kipande_cha_Reli

Kushoto kimya.

Kulia imelia.

#11 Chai ya Rangi

Mshona we mganga.

#12 Kamanda_wa_Sauti

Sawa, ya ethi nimefuta. Lakini mbona wanasema balansi ni kwa katriji za MC (koili ndiyo inayocheza) peke yake? VM95E ni MM (sumaku ndiyo inayocheza), huyu hata angekuwa na mlango wa balansi asingepata kitu.

#13 Mhandisi Mstaafu

Habari za asubuhi vijana. Nimesoma uzi wote na chai yangu.

Kamanda, maneno hayo yana nusu ya ukweli. MM nayo ni koili inayoelea, ncha mbili, hakuna tofauti ya kimsingi. Kinachoharibu ni mambo madogo mawili. Baadhi ya katriji za MM zina kibati kidogo nyuma kinachounganisha pini moja na ganda la chuma. Ukitaka balansi lazima ukiondoe. La pili ni uwezo wa kebo wa kuhifadhi chaji, ambao MC haijali na MM inajali sana.

Hapa mleta uzi ana tatizo ambalo hajaliona bado. VM95E inataka jumla ya pikofaradi 100 hadi 200. Kebo za maikrofoni hazikutengenezwa kwa kujali hilo. Chukua ile Canare L-4E6S ya nyuzi nne, kebo nzuri kabisa, ina kama pikofaradi 150 kwa kila mita. Mita tatu ni 450 kabla hujafika kwenye amplifaya. Koili ya milihenri 550 na pikofaradi 150 zina mwinuko wao kwenye hezi 17,500 hivi, huko juu ambako sikio langu la miaka 68 halifiki. Ipeleke jumla kwenye 325 tu, mwinuko unashuka mpaka karibu hezi 12,000, na juu ya hapo sauti inaanguka. Matoazi yatakuwa na ukali wa kubandika. Watu husikia hivyo wakasema "XLR ina sauti ya wazi zaidi".

Na niongeze moja kuhusu maelezo ya Mshona, ambayo ni mazuri. Watu wengi wanaamini balansi ni ishara mbili zinazopingana, moja inapanda nyingine inashuka. Hilo silo linalofuta mvumo. Kinachofuta ni waya mbili kuwa na ukinzani ulio sawa kuelekea ethi, ili uchafu uzipate kwa usawa. Bill Whitlock, mhandisi aliyekuwa wa Jensen Transformers, amelipigia kelele jambo hili miaka mingi. Unaweza kuwa na ishara upande mmoja tu na bado mlango wa balansi ukafuta uchafu vizuri, mradi ukinzani ni sawa. Unaweza pia kuwa na ishara mbili safi zinazopingana, na daraja la DJ kwenye pini 3, ukapata bajaji sebuleni.

#14 Tumbatu_Maskati

Assalamu alaykum jamaa zangu. Nakuandikieni kutoka Maskati, nyumba yetu asili yake Unguja. Santuri za taarab alizokuja nazo mama ndizo zilizoniingiza kwenye maradhi haya.

Mimi natumia Denon DL-103, hii ni MC, Wajapani waliitengeneza pamoja na redio yao ya NHK mwanzoni mwa miaka ya 60 na hadi leo inauzwa. Inatoa milivolti 0.3 tu, yaani zaidi ya mara kumi chini ya hiyo VM95E. Kwa katriji ya namna hii ndipo balansi inapokuwa na maana, kwani mvumo uleule mdogo unaupata muziki ukiwa kichanga.

Priampu ya balansi sinayo. Nina jozi ya transfoma ndogo za kupandishia, moja kwa kumi. Nyekundu pini 2, kijani pini 3, zote zinaingia ncha mbili za koili ya kwanza ya transfoma ambayo haikufungwa popote. Wavu pini 1, unaishia kwenye kisanduku cha chuma. Upande wa pili zinatoka RCA fupi, sentimita arubaini, kwenda kwenye tundu la foni la kawaida. Transfoma yenyewe ndiyo mlango wa balansi, haina umeme wala tranzista. 0.3 inakuwa 3. Na kilo-omu 47 za amplifaya katriji inaziona kama 470, maana unagawa kwa kumi mara kumi.

Ila vinataka kukaa mbali na transfoma ya amplifaya. Mara ya kwanza niliviweka pamoja kwenye kabati moja, ikawa kila kisanduku nikikigeuza mvumo unapanda na kushuka kama ngoma ya harusi. Nilivizungusha mpaka nikapata pembe iliyonyamaza, nikapigia mstari wa kalamu kwenye ubao.

Zile za 78 usiniulize. Mifereji yake ni mipana, zinataka sindano nyingine kabisa. Hizo bado natafuta.

#15 Luthuli254

Mzee Tumbatu hapo umeniuza na DL-103, kesho naanza kuweka pesa kando.

Swali langu kwa Mhandisi. Kuna jamaa hapa ana priampu yenye RCA na XLR za kutokea. Tulijaribu zote mbili, XLR ilikuwa imejaa zaidi, hata mke wake alisema. Gramafoni iliingia kwa RCA ya kawaida. Hiyo ni nini?

#16 Mhandisi Mstaafu

Ni sauti kubwa zaidi, basi. Kwenye vifaa vingi tundu la XLR la kutokea linatoa volti mara mbili ya RCA, desibeli 6. Sikio la binadamu likipewa kitu kilekile kwa sauti kubwa kidogo linasema ni kizuri zaidi. Shusheni desibeli 6 kisha mrudie, na mke wake asijue ipi ni ipi.

Tena balansi baada ya priampu ni habari nyingine. Pale ishara ina volti nzima au zaidi, na kwa mita moja ya sebuleni RCA haina shida. Pahali pa hatari ni kabla ya priampu, kwenye milivolti. Kampuni kama Pro-Ject ya Austria wanauza gramafoni na priampu zinazokwenda balansi kuanzia kwenye mkono, huko ndiko inakoleta hoja.

Ila haiji bure. Mlango wa balansi wa tranzista una milango miwili inayonong'ona badala ya mmoja, na ukiujenga kwa vipuri vilevile unaongeza mchirizo wa desibeli kama 3. Unaondoa mvumo, unapokea kidogo cha "ssss". Transfoma ya ndugu yetu wa Maskati inaikwepa hiyo, ila inagharimu na inaokota sumaku za jirani, kama alivyotusimulia.

#17 Kipande_cha_Reli

Nimerudi wakuu, siku nne kimya.

Nimefungua tena. Skrubu za chini ya hii gramafoni ni nyingi kuliko dhambi zangu, na chini kuna bonge la mpira zito kama mtoto. Kwenye kibodi kidogo zinapoishia nyaya za mkono, nimelikuta. Kipande cha waya mweusi, urefu wa kucha, kutoka alama ya ethi kwenda pale RCA ya kulia ilipokuwa. Upande mmoja risasi inang'aa. Upande wa pili risasi ni ya kijivu, imekunjamana, na ina ufa unaozunguka kama pete.

Hapo nikaelewa kwa nini zamani nikigusa mkono mvumo ulikuwa unapungua. Daraja lenyewe lilikuwa linashika nusunusu, chuma cha mkono hakina ethi ya uhakika mpaka mimi nikiwa ethi. Na siku ile ya XLR nadhani nilipochoma pembeni yake niliyeyusha ule ufa upande mmoja, likashika sawasawa, ndiyo bajaji ikawaka.

Nimelikata. Nimetoa XLR zote. Nimerudisha RCA mpya za sentimita 120, kebo ya pikofaradi chache, na waya wa ethi wa peke yake kutoka kwenye chuma kwenda skrubu ya amplifaya. Nimewasha, nikadhani haijawaka. Nimeongeza sauti mpaka kitufe kikaelekea saa tisa kama mshale wa saa, ndipo nikausikia mvumo, kwa mbali sana.

#18 Mshona Nyaya

Safi sana. Sasa kama uko Dar njoo Tabata Jumapili, ninayo priampu yenye mlango wa balansi niliyojijengea. Tuijaribu kiukweli. Kuja na gramafoni, mpira wake na yote.

#19 Kipande_cha_Reli

Ripoti ya Tabata, kama nilivyoahidi.

Mshona alifunga kamba ya vituo (kipande chenye skrubu za kushikia nyaya) ndani ya gramafoni ili tuweze kubadilisha RCA na XLR bila kuchoma kila mara. XLR za mita moja, pini 1 kwenye chuma, hakuna daraja popote. Priampu ina njia zote mbili na RIAA ileile. Tulisawazisha sauti kwa santuri ya majaribio yenye mlio wa hezi 1,000, mita ikiwa kwenye nyaya za spika. Mtoto wake wa kidato cha pili ndiye aliyekuwa anabadilisha, sisi tumegeukia ukuta.

Kwa muziki, kwenye kochi: nilikosea mara tano kati ya kumi. Mshona mara nne. Yaani tulikuwa tunabahatisha.

Bila muziki, sauti juu, sikio likiwa sentimita kumi na spika: RCA ina mvumo mwembamba, XLR hauna, ila XLR ina mchirizo kidogo zaidi, kama Mhandisi alivyosema. Kisha Mshona akalaza chaja ya laptopu juu ya kebo. RCA ikaanza kuzomea papo hapo. XLR haikushtuka. Hilo lilinifurahisha kuliko yote, nililirudia kama mtoto.

Na kuna kitu kilibaki kwenye zote mbili. Mkono ukifika karibu na kati ya sahani, mvumo kidogo unapanda, RCA au XLR sawasawa.

#20 Mshona Nyaya

Huo wa mwisho nilimwonyesha makusudi. Transfoma ya umeme ya MK2 iko ndani ya gramafoni yenyewe, na katriji inaokota sumaku moja kwa moja kwenye koili. Ukishaingia kwenye koili umekuwa muziki. Mlango wa balansi unauona kama tofauti kati ya 2 na 3 na kuupitisha kwa heshima zote.

#21 Bint Mrima

Kwa hiyo Kipande unabaki na ipi?

#22 Kipande_cha_Reli

RCA na waya wa ethi. Ile kamba ya vituo nimeiacha ndani, siku nikipata DL-103 kama ya mzee Tumbatu nitarudi kwenye XLR na transfoma. Kwa VM95E na kebo ya sentimita 120, nyumba nayo iko kimya, sina cha kuitafutia.

#23 Chai ya Rangi

Na mimi nimefungua yangu. Waya wa ethi ulikuwepo, umening'inia nyuma ya kabati tangu 2019. Nimeufunga kwenye skrubu. Kumbe haukuwa utamu wa santuri.

#24 Kamanda_wa_Sauti

Mkuu Kipande, zile mita sita na plagi bado unazo? Nataka za maikrofoni.

#25 Kipande_cha_Reli

Umechelewa Kamanda. Zimeenda kwa jirani wa kwaya, na vipachiko nimevivunja kwa nyundo.